Makabati ya Vioo ya Tokyo



Mnajua kwamba sisi wawili tulikuwa Japani kwa mafunzo ya majuma mawili juu ya kukausha na kuhifadhi chakula. Habari za mafunzo tulizitoa mkutanoni. Leo tunaleta habari za siku tatu za mwisho, zile zilizokuwa zetu wenyewe, maana siku hizo tulikuwa tumetumwa.

Mama mmoja wa chama chetu ana mtoto anayesoma Tokyo, sasa ni mwaka wa tatu. Siku moja kijana alimtumia picha ya chumba chake kwenye simu. Mama akaona ukuta mzima wa roboti, vyombo vya angani na watu wadogo wa plastiki wenye panga za mwanga, wamepangwa ndani ya vioo kama watakatifu kanisani. Usiku ule hakulala. Aliposikia tunasafiri, akatuita kando: "Dada zangu, mwende mwone kwa macho yenu. Pesa ya masomo ndiyo imekuwa vichezeo? Mkikuta ni ugonjwa, mniambie bila kunificha." Ametupa ruhusa kuandika haya mradi jina lake lisitajwe, kwa kuwa anajua wengi wana watoto wanaokesha mbele ya michezo ya video na filamu za roboti, na wengi wanajiuliza kama yeye.

Mtaa wa redio

Tulianzia Akihabara. Ni mtaa wa katikati ya Tokyo ambako treni hupita juu na biashara hufanyika chini ya reli. Vita vilipokwisha mwaka 1945, watu waliuza hapo vipande vya redio katika vibanda vilivyobanana. Vibanda vya namna hiyo vingine vipo mpaka leo: mtu mmoja ameketi katikati ya visanduku vya nyaya, skrubu na taa ndogo, kama mama wa viungo kule Kadutu. Baada ya redio zikaja friji na televisheni, baadaye kompyuta, na mwishowe michezo ya video na katuni. Jumapili mchana barabara kuu hufungwa kwa magari, na watu hutembea katikati ya lami.

Kijana alitupokea kituoni. Aliinama kama Wajapani wanavyofanya, kisha akakumbuka yeye ni nani, akatukumbatia. "Mama mkubwa, mama mdogo, karibuni." Sisi tulimwangalia mwili kwanza. Amekonda kidogo, lakini si kukonda kwa njaa.

Alitupeleka katika jengo linaloitwa Radio Kaikan, lenye ghorofa kumi. Jengo la zamani lilibomolewa na hili jipya likafunguliwa mwaka 2014. Vijana wanalipenda pia kwa sababu ya mchezo wa video wa mwaka 2009, Steins;Gate, ambao hadithi yake inatokea mtaani hapo hapo: mashine ya kusafiri katika nyakati inaanguka juu ya paa la Radio Kaikan. Kwa hiyo mtu anatoka mbali, anasimama njiani, anapiga picha ya paa ambalo halijaangukiwa na kitu.

Ndani tulikuta jambo lililotufurahisha sisi wafanyabiashara. Kuna ukumbi uliojaa vijumba vya kioo, kila kimoja si kikubwa kuliko kasha la chupa za bia, vimepangwa kutoka chini hadi juu. Si mali ya duka. Mtu yeyote anakodi kijumba kwa mwezi, anaweka vitu vyake na bei, anaenda zake kazini; duka linamuuzia na kukata sehemu yake. Ni kama mama anayekodi meza sokoni, ila hapa muuzaji humwoni. Tulipita polepole tukisoma tabia za watu kwa vitu vyao. Kijumba kimoja kilikuwa na roboti tupu, kingine meli za angani zilizotunzwa bila hata alama ya kidole, kingine vitu vimerundikwa tu kama mtu anayehama nyumba.

Mashine za bahati

Pembeni kuna mashine nyingi zilizojaa mipira ya plastiki. Unatia sarafu tatu au tano za yen 100, unazungusha mkono wa mashine, mpira unaanguka. Ndani yake kuna kisanamu kidogo, lakini hujui ni kipi mpaka ufungue. Seti ina visanamu vitano au sita. Ukitaka kile kimoja, unaweza kupata kile kile usichotaka mara nne mfululizo. Karibu nazo kuna mashine zenye makucha ya chuma: unalipa, makucha yanashuka, yanashika sanduku, yanalegea, sanduku linaanguka pale pale lilipokuwa.

Tuliona mzee mwenye suti, begi la kazi miguuni, akitia sarafu bila hata kuangalia kilichotoka. Tukamwuliza kijana: na wewe?

Alinyamaza kwanza. Kisha akasema mwaka wake wa kwanza aliziacha hapo pesa za chakula cha miezi miwili. Alikuwa mpweke, lugha haijaingia, na mashine ile, alisema, ilikuwa kitu pekee Tokyo kilichomjibu kila alipokigusa. Alikula wali mtupu na mayai mpaka mwalimu wake akagundua. Tangu siku hiyo hatii sarafu. Anayetaka kisanamu fulani, alituambia, anunue kile anachokiona kwa macho na bei imeandikwa.

Mama wapendwa, hapa ndipo tulipoelewa jambo la kwanza. Kununua kitu na kununua bahati ni mambo mawili, hata kama vyote vinakaa katika duka moja. Michezo ya kwenye simu ina bahati hiyo hiyo bila mpira wa plastiki: mtoto analipa ili afungue sanduku lisiloonekana, akitumaini kupata shujaa au silaha adimu. Serikali ya Japani mwaka 2012 ilikataza aina moja ya mtego huo, ile ya kumfanya mtu akusanye seti nzima kwa bahati ili apewe zawadi kubwa zaidi. Aina nyingine zinaendelea, na zinafika hadi kwetu Bukavu kwa njia ya simu zetu. Mkiona salio linaisha na hakuna aliyepiga simu, ulizeni.

Nakano, mahali pa vitu vya zamani

Siku ya pili tulipanda treni hadi Nakano, dakika chache kutoka kituo kikubwa cha Shinjuku. Ukitoka kituoni unapita njia ndefu iliyofunikwa paa, maduka kulia na kushoto, mpaka unaingia jengo liitwalo Nakano Broadway. Lilifunguliwa mwaka 1966. Chini ni maduka, juu ni makao ya watu, kwa hiyo utaona bibi na mfuko wa vitunguu akipishana na vijana wanaotafuta roboti.

Mwaka 1980 mchoraji wa katuni, Masuzo Furukawa, alifungua hapo duka dogo la kuuza vitabu vya katuni vilivyotumika. Alikiita Mandarake. Leo Mandarake ina maduka mengi katika jengo hilo hilo: moja la vitabu, jingine la mavazi, jingine la vichezeo vya bati, jingine la michoro ya filamu. Huko ndiko tuliona zile sanamu laini za mpira za Ultraman na majitu anayopigana nayo. Ultraman ni shujaa mkubwa kutoka angani. Alianza kuonekana kwenye televisheni ya Japani mwaka ule ule wa 1966. Sanamu za miaka hiyo zilikuwa vichezeo vya watoto tu, za kuogea nazo na kutupiana nazo. Wazazi wakatupa, mbwa wakatafuna. Zilizobaki ni chache, na nyingine leo zinauzwa kwa bei ya pikipiki.

Tulishangaa zaidi tulipoona visanamu viwili vinavyofanana kabisa, kimoja bei yake mara tano ya mwenzake. Tofauti? Cha bei kubwa hakijawahi kutolewa katika sanduku lake. Mwenye duka ameandika kwenye karatasi ndogo hali ya kila pembe ya sanduku: hapa pamekunjika, hapa rangi imefifia, hapa gundi ni ya kiwandani. Mmoja wetu akasema kwa sauti, "Sasa kina faida gani kitu ambacho hakichezewi?"

Mwingine wetu akacheka mpaka akashika ukuta. "Dada, na vile vikwembe vyako?"

Ni kweli, na ninyi nyote mnajua ni kweli. Nani kati yetu hana sanduku chini ya kitanda lenye vikwembe ambavyo havijakatwa? Tunajua kila kimoja kilitoka wapi: hiki cha mahari ya binti, hiki cha sherehe ya Machi 8, hiki nilipewa na mama mkwe siku aliponikubali. Tunajua kwamba kikwembe kikishakatwa na fundi, thamani yake ya kuuza imekwenda, lakini kikibaki na karatasi yake ya kiwandani kinaweza kulipa hospitali siku mbaya. Na kule saloni, pale wageni wanapoketi, kabati la vioo lina sahani na vikombe ambavyo watoto wamekatazwa kuvigusa, na hata sisi hatuvilii. Tulikuwa tumesafiri mpaka Japani kumhukumu kijana kwa jambo ambalo mama zetu walitufundisha.

Roboti ya mita ishirini

Mchana tulikwenda Odaiba, sehemu ya mji iliyojengwa juu ya bahari. Mbele ya duka kubwa linaloitwa DiverCity alikuwa amesimama roboti mweupe wa urefu wa mita 19.7. Ni Gundam wa aina ya Unicorn, aliyewekwa hapo mwaka 2017. Saa fulani za siku muziki ulilia, kichwa kikageuka, vipande vya mwili vikafunguka, taa nyekundu zikawaka ndani. Tulitegemea kuona watoto. Tuliona wababu na wajukuu, wafanyakazi, mama na mtoto mgongoni, wote wamenyanyua shingo.

Kijana alitueleza habari za Gundam, nasi tunazipitisha kwenu. Ilianza kama katuni ya televisheni mwaka 1979, kazi ya Yoshiyuki Tomino. Ni hadithi ya vita kati ya watu wa dunia na watu waliohamia angani, na mashujaa wake ni vijana waliolazimishwa kupigana kabla hawajakomaa. Watazamaji walikuwa wachache, hata ikakatwa: badala ya sehemu 52 zikatengenezwa 43. Mwaka uliofuata, 1980, kampuni ya Bandai ikatoa roboti wa plastiki wa kuunganisha mwenyewe, kwa yen 300. Mtoto alikuwa akinunua sanduku, anakata vipande kimoja kimoja, anavibandika, anapaka rangi. Vikagombaniwa madukani. Hadithi iliyokuwa inakufa ikaendelea kuishi kwa mikono ya watoto wake, na mpaka leo zinatolewa Gundam mpya.

Roboti wa sasa hahitaji gundi. Vipande vinashikana vyenyewe. Yale mabaki ya plastiki, ile fremu inayobaki vipande vikikatwa, yanakusanywa katika maboksi madukani ili yatengenezwe upya. Tuliliangalia boksi hilo kwa wivu, tukikumbuka chupa zinazoelea katika ziwa letu.

Chumba chenyewe

Siku ya tatu tuliingia chumbani kwa kijana. Ni kidogo: kitanda, meza, jiko la moto mmoja, na makabati mawili ya vioo. Tulikaa chini, tukamwomba atueleze kila kitu, rafu kwa rafu, na tukachukua saa mbili.

Makabati yamefungwa ukutani kwa vyuma. Chini ya kila kisanamu kuna gundi laini inayoondoka bila kuacha alama. Alisema Wajapani wengi wenye vitu vya kuonyesha hufanya hivyo kwa sababu ya matetemeko. Sisi wa Bukavu tuliopitia tetemeko la Februari 2008 tulitazamana. Miaka yote hii tunarudisha sahani kabatini bila kulifunga kabati.

Pazia la dirisha limefungwa upande wa makabati, maana jua hufifisha rangi na kugeuza plastiki nyeupe kuwa njano. Taa ni zile ndogo zisizotoa joto. Plastiki laini ikikaa mahali pa joto hutoa kama mafuta, ikanata vumbi. Anaiosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, anaikausha kivulini. Nyuma kuna ngazi za plastiki angavu ili wa nyuma waonekane juu ya wa mbele, kama picha ya familia. Na hajajaza. Kila kimoja kina nafasi ya kupumua. Kikiingia kimoja, kingine kinatoka. Kinachotoka anakiuza katika kijumba cha kioo cha kukodi.

Akatuonyesha daftari. Kila kitu kimeandikwa: tarehe, bei, mahali, na kama kimeuzwa, kwa kiasi gani. Tulilisoma kama tunavyosoma daftari la likelemba, kidole kwenye kila mstari. Karo na kodi ya nyumba zipo mbele, zimelipwa. Vichezeo vinakuja baada, kutoka pesa ya kazi yake ya jioni. Kwa miezi sita ya mwisho vilivyouzwa vimezidi vilivyonunuliwa.

Katika rafu ya kati, pale macho yanapofika kwanza, hapakuwa na roboti. Palikuwa na mashine nyeusi ya kuchezea, PlayStation 2, kuukuu, na mbele yake karatasi yenye maandishi ya Kijapani na ya Kiswahili. Mashine hiyo ilitoka Japani Machi 2000. Mwaka ule bei ya tantali ilipanda ghafla duniani, kwa kuwa viwanda vya simu, kompyuta na mashine za michezo viliihitaji kwa vile vipande vidogo vinavyotunza umeme ndani yake. Tantali nyingi ilitoka Australia, lakini inatoka pia katika koltani ya kwetu. Ninyi mnakumbuka. Vijana waliacha shule, wanaume wakaacha majembe, wenye silaha wakawa wenye machimbo. Mwaka 2001 bei ikaanguka, tukabaki na mashimo na mashamba yenye magugu.

Kijana alizaliwa baada ya hayo. Aliyajua kwa baba yake. "Rafiki zangu wakija," alisema, "wanauliza roboti hizi ni za mwaka gani. Nawajibu. Halafu wanauliza kwa nini mashine hii ya bei rahisi imewekwa katikati. Hapo ndipo ninapowaambia natoka wapi."

Hatukuwa na swali tena.

Jibu letu kwa mama aliyetutuma

Tulimpigia usiku ule ule, na tunarudia hapa kwa faida ya wengine. Mtoto wako hana ugonjwa. Alikuwa na upweke, na upweke ulimla pesa miezi miwili. Hilo mwulize mwenyewe kwa upole, naye atakuambia. Leo anajua ana nini, kwa nini anacho, na kilimgharimu kiasi gani. Na muhimu kwako: karo imelipwa.

Kwa wenye watoto wanaokusanya vitu vya michezo na filamu, hata kama ni vibandiko na visanamu vya soko la chini, tunashauri haya. Msitupe bila kuuliza. Mwambieni mtoto awaeleze hadithi ya kila kimoja. Asiyejua kueleza anarundika tu. Mpeni rafu moja, na ikijaa achague. Mnunulieni daftari. Mkatazeni kununua bahati. Na roboti akivunjika mkono, mfundisheni kuubandika kabla ya kuomba mwingine.

Tulirudi kupitia Addis Ababa na Kigali tukiwa na Ultraman mmoja mdogo, si wa zamani, kwa ajili ya wajukuu. Alikaa ndani ya sanduku lake mpaka mlangoni tu. Sasa ana meno ya mtoto kwenye mguu, na amekwisha kuoga ziwani.

Katika mkutano ujao tunaomba kila mama alete kitu kimoja kutoka kabati au sanduku lake, kikwembe, kikombe au chochote, atueleze kilitoka kwa nani na kwa nini hajakitumia. Binti zetu na waje wasikie, maana siku moja vitakuwa mikononi mwao. Na tafadhali, wenye makabati ya vioo, waiteni mafundi wayafunge ukutani.